Walichosema Kuhusu Mzuka Anayefua

Maoni ya kwanza kumfikia dobi yalihusu mwendo wake. Mtu mmoja asiyemjua, anayeishi asikokujua, alikuwa ameandika mtandaoni, chini ya filamu: "Huyu mzuka anatembea kama mama aliyekumbuka njiani kwamba ameacha pasi kwenye umeme."

Binti wa kaka yake ndiye aliyemsomea, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Dobi alicheka mpaka akaiweka pasi kando, maana shati lililokuwa mezani lilikuwa jeupe tena la mwenyewe.

"Shangazi, wanatucheka."

"Mbona hawajakosea? Siku ile kweli niliiacha."

Duka la dobi lilikuwa la kona, chumba kimoja chenye meza ndefu ya kupigia pasi na rafu zilizojaa nguo za watu, kila fungu limefungwa kwa utepe wa rangi yake. Nyuma kulikuwa na ua wa saruji, mabomba mawili na kamba za kuanikia zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye filamu, ua huo ndio uliokuwa makaburi, ndio uliokuwa nyumba ya marehemu, na kwa kugeuza kamera upande wa pili, ndio uliokuwa pia hospitali.

Binti mwenyewe watu walimwita Kamera. Alikuwa mpiga picha wa studio, picha za vitambulisho siku za kazi na harusi mwisho wa juma, na kwa muda mrefu alikuwa akitembea na hadithi kichwani kama mjamzito aliyepitiliza siku zake. Hadithi ilikuwa hivi: mama mmoja anakufa, mume anaoa upesi, na nguo za watoto zinasahaulika kwenye beseni. Mama anarudi kuzifua. Anafua gizani, anaanika, anakunja, anazipanga kitandani vizuri. Ila nguo alizofua marehemu hazikauki. Kila anayezivaa analowa, na maji yanamfuata mume kazini, mezani, mpaka kwenye godoro la arusi.

Fedha hazikuwepo. Kamera aliazima taa za studio, rafiki zake wakaigiza kwa chakula cha mchana, na msichana aliyekubali kuwa mzuka akajitoa asubuhi ya kazi yenyewe. Mchumba wake alisema hawezi kuoa mtu aliyekwisha kuzikwa. Watu wakabaki wamesimama uani na sanda mkononi. Dobi, aliyekuwa akipita na ndoo, akauliza, "Huyo mzuka kazi yake nini?"

"Kufua, Shangazi."

"Kufua tu? Lete hiyo nguo."

Walimpaka usoni wanga uleule wa kukazia kola. Ulipokauka ulipasuka vipande vipande, akawa anatisha hata kabla ya kufanya lolote. Na kwa kuwa dobi hulala mapema na hakutaka kusikia habari za kukesha, waliigiza usiku wote huo mchana kweupe, ua umefunikwa kwa mablanketi mazito.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeikataa filamu hiyo tangu mwanzo: baba yake Kamera, kaka mkubwa wa dobi, hedimasta mstaafu aliyekuwa bado anatembea kama kengele inakaribia kulia. "Nimewafundisha watoto wa watu kwa miaka yote hiyo wasiogope mizuka," alisema, "halafu wa kwangu anaitengeneza." Filamu ilipotoka, hakuitazama. Hakugombana na mtu, alikula na kusalimia kama kawaida, lakini mazungumzo yakielekea huko alinyanyuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa.

Siku zilizofuata maoni yalimiminika kama maji ya bomba lililokatika. Penye wengi pana mengi. Mmoja aliona kamba iliyovuta ndoo na akaizungushia duara jekundu ili dunia nzima ione. Mwingine akauliza ni usiku gani huo ambao mzuka ana jua kwenye kisigino. Mwingine alisema amelala vizuri kuliko wiki nzima. Kipande cha video chenye ile kamba kikasambazwa na watu ambao hata filamu yenyewe hawakuiona, na Kamera akaacha kula.

"Naifuta," alisema, amekaa juu ya gunia la nguo chafu. "Leo hii naifuta."

Dobi hakuinua macho kwenye pasi. "Huyu aliyeona kamba, kamba iko wapi kwenye filamu?"

"Karibu na mwisho."

"Na wa kisigino?"

"Mwisho kabisa."

"Basi wamefika mwisho. Mimi kuna harusi ulizopiga wewe nimeshindwa kumaliza, na zilikuwa za ndugu zangu." Akageuza shati. "Mtu anayekucheka mpaka mwisho, huyo umemshika, mwanangu. Acha acheke. Endelea kunisomea."

Akamsomea. Kila jioni baada ya studio alisimama dukani akasoma yote, matusi kwa sifa, na dobi akayapokea kama anavyopokea nguo, moja moja, akiigeuza kila moja kuona doa liko wapi. Mtu fulani alisifu rangi ya uso wa mzuka na kuuliza imeagizwa nchi gani. Dobi akatazama kopo la wanga juu ya rafu, akajikuta ananyoosha mgongo.

Mkasa ukaja na wakala wa bima. Huyu alikuwa mteja wake wa siku nyingi, mtu wa mashati ya mistari, na aliingia dukani simu imetangulia mbele.

"Mama, hebu niambie. Hili si shati langu?"

Lilikuwa shati lake. Kwenye ile sehemu ambapo mzuka anapita katikati ya nguo zilizoanikwa, Kamera alihitaji nguo nyingi, na nyingi zilikuwepo, safi, zinangoja wenyewe. Dobi aliona haya ikimpanda kutoka miguuni.

"Ni lako, baba. Halikuvaliwa na mtu. Lilikuwa kwenye kamba tu, mahali pake."

Wakala akaitazama simu tena, kichwa upande. "Mzuka ameligusa."

"Amelinyoosha kola."

"Nimeona." Akashusha sauti. "Linaonekana vizuri, eti? Mke wangu anasema halionekani. Nimemwambia, mwanamke, hili ndilo lililo mbele kuliko yote!"

Kufikia mwisho wa juma wateja walikuwa wanakuja kutafuta nguo zao. Walisimama mlangoni wakibishana gauni la nani lilipita mbele ya taa na shuka la nani lilitikisika lenyewe. Mama mmoja alinuna kwa sababu gauni lake halikuingia kabisa, akauliza kama lina kasoro.

Lakini mteja mmoja, nesi, hakucheka. Alikuja na mfuko mtupu, akaomba sare zake zote, zilizofuliwa na zisizofuliwa.

"Wagonjwa wameiona," alisema. "Mzee mmoja amekataa nisimchome sindano. Anasema sare yangu imetoka kwa marehemu. Dada, ungeniuliza tu. Ningesema hapana, ukaanika nyingine."

Dobi akamkunjia sare zake kwa uangalifu kuliko siku zote. Nesi alipoondoka, duka lilikuwa bado limejaa vicheko vya mlangoni, lakini yeye hakuvisikia. Kati ya maoni yote, hayo ndiyo yaliyomwingia, maana yalikuwa ya haki. Kesho yake alifunga duka mapema, akaenda mpaka nyumbani kwa nesi, akaomba radhi akiwa amesimama. Nesi alimkaribisha kiti. Nguo hakuzirudisha, lakini waliagana vizuri.

Jioni hiyo Kamera alimkuta amekaa dukani, pasi imezimwa, akadhani amechoka.

"Kuna maoni ya leo, Shangazi. Ni marefu kidogo."

"Soma."

"'Niliifungua nicheke ile kamba, na nimeicheka. Halafu mzuka akakunja fulana ya mtoto, akaipiga kofi dogo juu, kama kumwambia haya, lala. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo. Nimesimamisha filamu, nimekwenda kukaa nje. Nimerudi nimeimaliza. Huyo mama ni nani? Mwambieni nimesema asante.'"

Dobi alinyoosha mkono, akaichukua simu, akajisomea mwenyewe polepole, midomo ikitembea. Aliirudisha, akafuta meza iliyokuwa tayari safi.

Jumamosi, adhuhuri, hedimasta mstaafu aliingia dukani akiwa na suruali mkononi. Dobi alishangaa, maana kaka yake hupiga pasi nguo zake mwenyewe na hamwamini mtu kwa mkunjo wa suruali, hata dada yake.

"Jana nilikuwa kwa kinyozi," alisema.

"Naona. Kakupunguza vizuri."

"Kinyozi na wateja wake wanabishana. Nusu wanasema yule mume alistahili, nusu wanasema ameonewa. Kinyozi ananigeukia na mkasi: mwalimu, wewe ni baba wa mwenye filamu, tuambie, ilikuwaje? Nikawa sina la kusema. Mimi!" Aliiweka suruali mezani. "Nikaenda nyumbani nikaitazama."

Dobi akazima pasi.

"Kwanza, jina la filamu limechelewa kutoka," alisema hedimasta, akihesabu kwa kidole. "Pili, 'shukrani' wameandika 'shukurani'. Tatu, sauti ya kule hospitalini ni mbovu, nasikia kuku. Hospitali gani ina kuku? Na ile kamba, jamani."

"Kamba tumeisikia, kaka."

"Sijamaliza." Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika duka lile. Sauti ikapungua. "Lile shuka. Umelikung'uta mara mbili, ukalitupa begani, ukalamba kidole ukapima upepo. Umemwiga mama."

"Sikumwiga. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Waliniambia anika, nikaanika."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa anaanika."

"Ndiye aliyenifundisha. Ningeanikaje vinginevyo?"

Mama yao alifua nguo za watu mpaka vidole vikakunjamana, na kwa nguo hizo hedimasta alisoma. Walikuwa na picha yake moja tu, amekaa kwenye kiti cha studio, mikono imefichwa chini ya kanga kwa aibu. Ndugu hao wawili walikaa wakatazamana.

Kamera akaingia akiwa na mfuko wake wa vifaa begani. Alipomwona baba yake alirudi nyuma hatua moja, kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo hapa." Hedimasta alisimama, akajikohoza. "Filamu yako ina makosa. Nitakuandikia."

"Sawa, baba."

"Jana baada ya kuimaliza nilikwenda kuzima taa ya jikoni. Kulikuwa na tone la maji linadondoka kwenye sinki." Alitazama dirishani. "Nimerudi chumbani mbio. Mbio, nakwambia, na miguu yangu hii. Mama yako ameniuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona kazi ya mtoto wetu."

Kamera aliweka mfuko chini. Alicheka, kisha akalia, kisha akafanya vyote kwa pamoja, na baba yake akampigapiga bega akirudia, "Basi, basi, mbona hivyo," huku yeye mwenyewe akitafuta leso.

Mwenye ukumbi wa vijana, aliyekuwa mmoja wa wabishi wa kwa kinyozi, ndiye aliyetaka ioneshwe kwa watu wote. Jumapili alasiri viti vilijaa, wengine wakasimama ukutani. Wakala wa bima alivaa lile shati. Ndoo ilipovutwa ukumbi mzima ulipiga kelele "Kamba!" kwa sauti moja, na Kamera, safari hii, akapiga kelele nao. Lakini mzuka alipoanza kukunja nguo za watoto, kelele zilikatika. Dobi, aliyekaa nyuma karibu na mlango, alisikia mtu akivuta pumzi na kuisahau kifuani. Maji yalipotokeza chini ya mlango wa yule mume, watu waliokaa mbele walinyanyua miguu yao sakafuni, na hedimasta alinyanyua ya kwake kwanza.

Taa zilipowashwa, maoni yalianza kabla watu hawajasimama. Mmoja alisema mwisho ni mfupi. Kijana mmoja akasema yeye hakuogopa kitu, na rafiki zake wakaonesha jinsi alivyojifunika uso na kofia. Hedimasta aligeuka kwenye kiti chake akawaeleza wa nyuma, bila kuulizwa, kwamba aliyetengeneza ni binti yake, na mzuka ni dada yake wa tumbo moja.

"Mcheza kwao hutunzwa," mtu akasema, na makofi yakaanzia hapo.

Dobi alitoka nje kupata hewa. Mama mmoja alikuwa mlangoni na msichana mdogo mkononi. Mtoto alimwangalia dobi usoni, akaangalia mikono yake, akamwangalia tena usoni. Akapiga yowe moja refu, akajitupa nyuma ya mama yake na kung'ang'ania sketi.

"Jamani, samahani sana," mama alisema, anahangaika. "We mtoto, msalimie bibi! Ni bibi tu huyu, mtu mzima kama wengine."

"Mwache," dobi alisema. Alikuwa amejishika kiuno kwa mikono miwili, uso umemchanua kama bi arusi. "Mwache kabisa, mwanangu, usimkataze. Tangu nizaliwe sijawahi kusifiwa hivi."