Mkalimani wa Kikao cha Mpaka

Mwalimu Maroa alichoka kabla kikao hakijaanza. Ilikuwa mara ya saba tangu mwaka wa tisini na nne kuitwa Migori kutafsiria wakubwa wa Kenya na wenzao wa Tanzania, na maneno yalikuwa yale yale: ujirani mwema, ushirikiano, usalama wa ziwa. Wavuvi wa Muhuru Bay waliendelea kukamatwa ng'ambo, wa ng'ambo wakikamatwa huku.

Alikuwa Mkuria aliyefundisha kwa Wajaluo miaka thelathini, na Kijaluo chake hakikuwa na doa. Lakini wakubwa walimpendea jambo lingine. Mwananchi akipandwa na hasira, Maroa aliitafsiri ikatoka imepoa.

Siku hiyo mwenyekiti alitangaza kamati ya pamoja ya nchi mbili. Mwakilishi wa wavuvi wa Kenya angekuwa Bwana Ombati, mwenye maduka Migori mjini. Ombati akainuka, akapunga mkono.

Ndipo akasimama Roselyn, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, ambaye kaka yake alikuwa mahabusu Tanzania mwezi wa tatu sasa. Alisema kwa Kijaluo, taratibu, kisha akaketi.

"Mama anasemaje, Mwalimu?" aliuliza mgeni mkuu kutoka Tanzania.

Maroa alitaka kusema mama anashukuru, ila ana ombi dogo. Sentensi hiyo aliizoea. Lakini leo nguvu za kupamba maneno hakuwa nazo.

"Anasema Ombati hajawahi kulowa miguu ziwani. Anauliza nani alimchagua. Anasema nchi zenu zikitaka amani, ziwaulize wenye mitumbwi."

Mwenyekiti alimkazia macho. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo. Na nimepunguza kidogo, mheshimiwa."

Mgeni yule alicheka peke yake. Watu wakaenda kunywa chai, na kikao hakikuendelea tena.

Wiki iliyofuata watu wa ufukweni walipiga kura wenyewe kumchagua mwakilishi wao. Kupanga mstari nyuma ya mgombea walikataa, maana wizi wa kura za mlolongo wa mwaka wa themanini na nane waliukumbuka vizuri. Kila mtu alitumbukiza karatasi ndani ya debe. Roselyn aliwashinda wanaume wawili, na Maroa akaandika barua ya kumtambulisha.

Kikao cha pili kilikuwa Homa Bay. Karani alipekua orodha. Jina la Roselyn halikuwemo. La Maroa pia halikuwemo, kwani walikwishapata mkalimani mwingine. Wawili hao walikaa barazani tangu saa tatu asubuhi.

"Mwalimu, nimekuharibia kazi," Roselyn alisema.

"Kazi yenyewe ilinishinda zamani, mama."

Saa tisa yule mgeni mkuu Mtanzania alitoka kunyoosha miguu, akawatambua, akamwingiza Roselyn ukumbini. Alipewa dakika kumi. Alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, bila mkalimani, akawataja waliofungwa wa pande zote mbili, jina kwa jina.

Baada ya majuma matatu wavuvi kumi na mmoja waliachiliwa, sita wa huku na watano wa kule. Kaka yake Roselyn alirudi amekonda. Nyavu hazikurudi. Kwenye kamati Ombati alibaki mjumbe. Roselyn akaandikwa mwalikwa tu.

Alipomletea Maroa habari hizo, Mwalimu alikuwa amejilaza juu ya mkeka.

"Wameitisha kikao kingine mwezi wa nane," Roselyn alisema. "Utanisindikiza?"

Maroa alifumba macho. "Nitakuja," akasema. "Lakini wacha nipumzike kwanza."