Siku Shilingi Ilipoachwa Ielee

Jumatatu, saa nne na dakika tano asubuhi, Sabina alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ya Precious, muuza dagaa wa Igogo, akirekebisha mizani iliyokuwa ikiwapunja wateja gramu hamsini. Precious aliapa kwamba hajui mizani imeanza lini tabia hiyo. Sabina, ambaye kazi yake ni kutengeneza mizani na si kuhukumu watu, alimkubalia. Redioni msomaji wa habari alikuwa anaeleza kwamba dola zimeadimika, na kwamba ili kuikabili hali hiyo serikali imeamua kuliachia soko lipange thamani ya shilingi, yaani kuiacha ielee.

Sarafu zilizokuwa kwenye bakuli la Precious zikainuka, za mia mbili mbele, za mia tano nyuma, zikaenda kugota kwenye bati. Precious akapanda juu ya ndoo, akazikamata, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamuuliza mteja aliyefuata anataka kisado au nusu.

Kufika adhuhuri watu walishazoea. Noti waliziwekea mawe, na madereva wa bodaboda waliweka chenji mdomoni, wakawa wanasalimia kwa nyusi. Wachache waliozembea uwanjani waliziona hela zao zikipita juu ya mapaa na kwenda kusimama juu ya ziwa, zikimetameta.

Sabina alifurahi, wala hakuona aibu. Miaka ishirini ameshika mizani na hajawahi kukutana na kitu ambacho ukikiweka kwenye sahani, sahani inapanda. Akaipima mia tano mara tatu, akaandika kwenye daftari: pungufu ya sifuri. Hapo ndipo alipokumbuka kibubu chake, na furaha yote ikamtoka.

Kibubu kile kilikuwa cha macho ya mama yake. Ng'washi, mkulima wa Misungwi, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na sasa alikaa kwa Sabina, haoni ila mwanga na kivuli. Daktari wa macho alikuja mjini mara moja kwa mwezi. Jicho moja laki tatu, kwa sababu lenzi inatoka nje ya nchi. Kwa miaka miwili Sabina aliweka sarafu za mia tano tupu, maana noti ndugu huzinusa, na Jumapili iliyopita laki sita zilikuwa zimetimia. Alikipima kibubu kwa raha zake. Kilo kumi na tatu, pamoja na mbao.

Alikimbilia nyumbani, akakikuta kimegandamana na paa. Mama yake alikuwa amekaa kitandani ameinua uso, akauliza ni nini kinachogonga huko juu.

"Ni macho yako, mama. Yamepanda."

"Haya. Yasiende mbali."

Sabina akakivuta chini, akakifunga kwenye mguu wa kitanda kwa nailoni ya wavuvi, ile inayovutika. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alipima kimo chake kwa futi kamba, kisha akampigia simu Elias, karani wa kliniki, kumuuliza bei. Kibubu kikipanda shubiri moja, lenzi inapanda elfu ishirini. Haikukosea hata siku moja, na fundi ndani yake aliiheshimu sana hesabu hiyo ingawa binti ndani yake aliichukia. Bei ilipofika laki nne, misumari ya bati ilianza kung'oka, ikabidi akate tundu kwenye paa ili kibubu kipite.

Wiki ya tatu aliletwa afisa uchumi, kijana mpole aitwaye Alexander, kuwaelimisha wananchi kwenye uwanja wa kata. Alimwamkia Ng'washi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza vizuri tu. Hela ikielea hutafuta kimo chake yenyewe. Minofu ya samaki inayouzwa nje italeta dola. Nchi nyingi zimefanya hivyo zikapona. Mwisho akauliza, "Mmeelewa?"

"Hatujaelea, baba," alisema Ng'washi. "Zilizoelea ni hela zetu."

Watu wakacheka. Alexander naye akacheka. Ng'washi hakucheka. "Tena wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Hizi aliziunda nani?"

Alexander akasema swali amelipokea, akaliandika.

Sabina, aliyekuja na mizani yake, akaomba kama kuna mwenye dola aipime. Alexander alikuwa na noti moja ya mia, posho ya semina ya nje, akaitoa bila hiyana. Sahani ilishuka ikagonga meza. Sabina aliongeza mawe upande wa pili, moja baada ya jingine, mpaka mkono wa mizani ukalala sawa. Kilo kumi na tatu. Alirudia, ikatoka ileile. Akamrudishia noti yake kwa mikono miwili, na Alexander akaondoka ameinamia upande wa mfuko.

Siku ya daktari, redio ilitangaza asubuhi kwamba shilingi imetulia. Sabina akatoka nje kutazama. Ni kweli, ilikuwa imetulia. Sarafu zilisimama kimya juu ya ziwa, palepale zilipokuwa jana, na kibubu juu ya paa hakikutikisika. Akakivuta, akaenda nacho kliniki kwa kamba, mama yake amemshika bega.

Elias alihesabu, hela ikatimia laki sita. Jicho moja laki tano na nusu.

"Si wamesema imetulia?" aliuliza Sabina.

"Imetulia hapo," alisema Elias, na ilionekana inamuuma kusema.

Ng'washi alichagua la kushoto. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Sabina alimpeleka ufukweni, kwa kuwa mama aliomba aanze na maji. Alitazama ziwa kwa muda mrefu, kisha akatazama juu.

"Ndege wale?"

"Ni hela, mama."

"Zitashuka lini?"

"Wamesema zimetulia."

Ng'washi akalifunika jicho jipya kwa kiganja, akatazama tena kwa lile lenye mtoto.

"Kwa hili, kweli," alisema. "Sioni tatizo lolote."