Udi wa Kificho

Kificho alikuwa na siri moja tu maishani, nayo ilinuka.

Miezi minne nyuma daktari alimpa kijibomba apulize. Kificho alicheka. Apulize? Yeye, mpiga tarumbeta wa beni za harusi kwa miaka thelathini? Akavuta pumzi kama fahali, akapuliza. Mashine haikushtuka.

"Una miaka hamsini na mbili," alisema Daktari Faiza, "lakini mapafu yako ya mzee wa themanini. Sigara imekuulia vijifuko vya hewa, na vilivyokufa havirudi. Ukiacha leo utabakiwa na vilivyopona."

"Nshaacha," alisema Kificho, na paketi i mfukoni.

Na mkewe, Bi Shemsa, Kificho alimwapia vivyo hivyo. Kisha akabuni hila ya udi. Kila alasiri alijifungia chumba cha uani, akatupia kipande cha udi kwenye makaa ya chetezo, akavuta sigara zake mbili pembeni. Nyumba yao ya mtaa wa Amani ikanukia kama ya bwana harusi. Majirani walimwonea Bi Shemsa wivu. Mwenyewe alikohoa tu kidogo.

Ikafika siku ya kupeleka begi. Tahir, mwana wao wa pekee, alikuwa anaoa Mji Mkongwe, na begi la nguo za bibi harusi halipelekwi kimya kimya kama gunia la mbatata. Beni hutangulia, na tarumbeta halinyamazi kuanzia mdomo wa uchochoro mpaka mlangoni. Likikatika, upande wa mwanamke watakucheka mpaka wajukuu waote ndevu. Kificho aliapa hakuna mwingine atakayempulizia mwanawe.

"Ukikohoa leo," Mcha, kiongozi wa beni, alimwambia Kificho, "siku ya harusi nakupa matoazi."

"Kampe mama yako matoazi."

Akaanza vizuri. Nusu ya uchochoro kifua kikambana, macho yakamtoka. Akasukuma pumzi iliyobaki, na tarumbeta likatoa mlio mmoja mrefu, mnyevu, wa tumbo lililokula maharage mabichi. Kisha kikohozi kikamkunja mpaka kofia ikaanguka.

Dirisha la juu likafunguka. Bi Mwamvua, shangazi wa bibi harusi, akatoa kichwa.

"Jamani, begi la nguo tutalipokea! Hilo la ushuzi rudini nalo!"

Uchochoro mzima ukacheka, hata waliobeba begi. Mcha akalichukua tarumbeta mkononi mwa Kificho, akalifuta mdomo, akapuliza mpaka mlangoni.

Nyumbani Kificho alikaa kitako kama aliyefiwa.

"Leo hufukizi?" aliuliza Bi Shemsa.

"Unajua?"

"Nshajua zamani! Udi gani unaoacha vichungi kwenye majivu?"

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Daktari kakwambia, kifua kimekwambia. Leo Bi Mwamvua kakwambia, na mji wote umesikia."

Kificho akainuka kwa hasira, akaenda chumba cha uani, akawasha makaa ya chetezo, akaitupa humo paketi yote. Wallahi, lilikuwa tendo la kiume. Moshi ukajaa nyumba, mzito, unawasha macho. Bi Shemsa akatoka mbio na kanga puani, anakohoa.

"Ndiyo kuacha huko, mume wangu? Umezivuta zote kwa mpigo mmoja, na mimi umenivutisha! Miezi minne unanivutisha!"

Kificho alitaka kumjibu. Lakini kikohozi kile alikijua: kikavu, cha kukwaruza, kinachoanzia chini. Kilikuwa chake, kwenye kifua cha mtu ambaye hajagusa sigara hata siku moja. Akafungua madirisha yote, akachukua chetezo, akakimwaga nje.

Siku ya harusi alipiga matoazi, nyuma kabisa ya beni. Bi Mwamvua alikuwa dirishani anamngoja.

"Mzee Kificho! Leo huchafui hewa?"

"Nshaacha, Bi Mwamvua," alisema, akayagonga matoazi mpaka yule bibi akaziba masikio.