Uchaguzi wa Wafuaji Pale Gare

Kwa miaka mingi Mado Mukalay alikitamani kiti cha Mama Bilonda, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya Bilonda mwenyewe. Kiti chenyewe hakikuwa na lolote la kutamanika. Kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, na aliyekikalia aliitwa délégué, yaani mjumbe wa chama cha wafanyakazi kwa upande wa wanawake wanaofua nguo za hospitali moja ya mgodi pale Kolwezi, Katanga, nchini Kongo. Faida yake ilikuwa kelele tu.

Bilonda kwa asili alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa jirani. Babu yake aliletwa na Wazungu kuchimba shaba, baba yake akazaliwa Kolwezi, yeye mwenyewe akazaliwa Kolwezi, na wanawe wote vilevile. Kasai alikuwa hajatia mguu. Alikuwa na sauti ya kuamsha waliolala mochwari, na kichwa kigumu kupita kiasi. Ni yeye aliyewaambia wanaume wa chama kwamba mama wafuaji hawatapika tena maharage ya kongamano, kwa kuwa wao ni wanachama na si wapishi. Mwaka ule waheshimiwa walitetea tabaka la wafanyakazi kwa mkate mkavu na sardini za kopo. Ni yeye pia aliyedai mabuti ya mpira, maana mama walisimama kwenye maji ya dawa kutwa nzima na miguu ikawababuka. Mabuti yalikuja baada ya kelele nyingi sana, yote namba arobaini na tatu. Bilonda akaita mkutano, akawafundisha kujaza matambara kwenye ncha, kisha akatangaza ushindi. Mado alisimama akasema huo si ushindi, ni matusi. Walibishana mpaka jioni.

Kubishana ndiyo ilikuwa kazi yao ya pili. Mashine ya kukamulia ilikuwa imekufa, na mgodi wenyewe ulikuwa unaifuata polepole, kwa hiyo mashuka yalikamuliwa kwa mikono. Shuka la hospitali halikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha hii, mwenzake ile, kila mtu anasokota upande wake. Kila mfuaji alikuwa na mwenzake wa shuka, na hawakubadilishana. Wa Mado alikuwa Bilonda. Kila uchaguzi Mado aligombea, kila uchaguzi akaangushwa, na asubuhi yake wakashika shuka moja, mshindi huku na mshindwa kule, Mado akilisokota kama ananyonga mtu.

Kanuni ya uchaguzi alikuwa ameitunga Bilonda: mikono juu, mchana kweupe, na mjumbe hatolewi ila awepo mwenyewe. "Habamutoshe mutu nyuma ya mugongo," alisema.

Basi ikafika Machi ya mwaka 1993. Wakubwa wa siasa walikuwa wameshawaambia watu kwamba taabu yote, shaba kuporomoka na mishahara kukauka, imeletwa na Wakasai. Waliwaita bilulu, wadudu. Vijana wa chama chao cha siasa wakapita nyumba kwa nyumba na mapanga, na watu waliozaliwa pale pale wakaambiwa warudi kwao. Bilonda, mumewe na wanawe walitolewa nyumbani na walichoweza kubeba, wakapelekwa gare, yaani stesheni, kungoja treni pamoja na maelfu ya wengine. Nusu ya wafuaji waliondoka hivyo. Ulikuwa uchafu, na waliofanya walijua ni uchafu, usiniambie hawakujua.

Juma hilo hilo Tata Tharcisse Kabemba, katibu wa chama cha wafanyakazi, aliingia mahali pa kufulia. Hakuwa amekanyaga mle tangu yale mambo ya maharage. Alikuwa amevaa tai. Alimkuta Mado amefunga ncha moja ya shuka kwenye bomba, anasokota ncha ya pili peke yake, na maji yanamrudia usoni.

"Mama Mado, siku yako inafika," alisema, akileta neno la kamati ya chama. "Kiti iko ya kwako. Comité inakubali."

"Comité gani? Hakuna mutu ananivote."

"Kuvote ya nini tena? Weye ni mutoto wa Katanga. Bilonda anaenda kwabo."

"Kwabo wapi? Bilonda alizaliwa hapa Kolwezi. Mi nilizaliwa Manono, nilikuja hapa na bwana. Mi njo mugeni."

Kabemba alicheka kicheko cha mtu anayetaka kikao kiishe. "Mama, acha bitu ya politique. Unaitaka hii kiti ao hapana?"

Hapo alimpata. Mado alikitaka. Alikitaka hata wakati ule, maji yakimchuruzika kidevuni, na alijichukia kwa kukitaka. Siku zote alijiona amesimama mbele ya Bilonda, mikono kibao juu, na Bilonda akilazimika kumpigia makofi. Sasa walikuwa wanampa kiti ambacho mwenyewe ameondolewa kwa panga. Alitaka kumshinda yule mwanamke, hakutaka kuokota alichonyang'anywa.

"Ninaitaka," alisema. "Njo maana tutavote. Na délégué lazima akuwe pale."

"Bilonda eko ku gare."

"Basi tutaenda ku gare."

Aliwakusanya wafuaji waliobaki, wakatoka kazini na mabuti yao miguuni. Njiani kijana mmoja wa panga aliwasimamisha, akauliza wanakwenda wapi. Henriette, mkubwa wao kwa umri, akamjibu kwamba wanaenda kumtoa Mkasai kwenye kiti chake. Ilikuwa kweli tupu, na kijana akawapisha kwa heshima.

Gare ilikuwa imejaa watu, masufuria, magodoro yaliyolowa mvua na watoto wanaoharisha. Bilonda walimkuta anagombana na mkuu wa gare. Alikuwa ameshaunda kamati ya choo.

"Munafwata nini?" aliwauliza. "Kama ni kulia, murudie. Hapa tunalia ya kutosha."

"Tunafwata kuvote," Mado alisema. "Ninataka kiti yako."

Bilonda akacheka mpaka akashika mbavu. "We Mado. Hata hapa?"

"Hata hapa. Sikutoshe nyuma ya mugongo."

Wafuaji wa Kasai wakaitwa kutoka kila pembe. Mado alihutubia kwanza. Alisema Bilonda haambiliki, mabuti yalikuwa matusi, na mjumbe anayeondoka na treni hana kazi. Hakuwa anaigiza, alitaka kushinda. Zamu ya Bilonda ilipofika alisema tu kwamba mabuti yalikuwa ushindi.

Henriette akaita kura za Mado. Mkono mmoja tu ulipanda, nao ulikuwa wa Bilonda.

Akaita kura za Bilonda. Ikapanda mikono ya waliofukuzwa na ya waliobaki, yote imechujuka kwa dawa, hujui upi wa Kasai na upi wa Katanga. Mado aliitazama kwa hasira ya kweli, na mmojawapo ulikuwa wake.

"Naanguka tena," alisema.

"Tena," alisema Bilonda, na sasa alikuwa analia, kinyume na amri yake mwenyewe. "Unabakia huku adjointe wangu, musaidizi wangu. Usibaachilie bamama."

Treni iliondoka kesho yake kuelekea Tenke, njia ya kwenda Kasai, watu wamepakiwa hadi juu ya mabehewa. Wengi waliosafiri hivyo walikufa njiani, na Mado hakupata habari yoyote ya Bilonda.

Kabemba alirudi na tai yake, akitaka jina la kupeleka kwa comité.

"Délégué ni Mama Bilonda," Mado alimwambia. "Tulivote. Mi niko adjointe yake. Sema yako, nitamupatia."

"Mama Mado, ule mutu hayuko."

"Eko mu safari."

"Na atarudia siku gani?"

"Uliza benye kumufukuza," Mado alisema. "Si munajuana?"