Kikao cha Mwisho cha Bodi ya Visima

Sitawatetea. Bodi ya Wachimba Visima ilistahili kufutwa, na nasema hivyo mimi niliyekuwa karani wake miaka kumi na tisa. Mara mbili kwa mwaka wajumbe wake watano walikuja hapa Lincoln, mji mkuu wa jimbo letu, wakala keki za plamu, wakalalamikia bei ya mahindi, wakagonga mihuri na kurudi mashambani kwao. Bunge la jimbo lilipopitisha sheria ya kufuta bodi na kuunganisha nyingine, sikutoa hata chozi. Kuanzia Julai mosi tungetiwa kapu moja, bodi mpya, na vinyozi, mafundi bomba na waandaa maiti. Mimi nilichukuliwa pamoja na meza yangu.

Kilichonikera ni habari ya Renae Sobotka.

Binti huyu wa mji mdogo wa Ord alijifunza kuchimba visima kwa baba yake miaka minne kamili, kama sheria inavyotaka. Aprili baba akafa kwa ugonjwa wa moyo. Saa zote za kazi alikwisha kuzitia saini. Ilibaki sisi tupige kura binti apate leseni. Lakini bodi mpya ilishatoa waraka kwamba haitapokea saa zilizotiwa saini na mtu aliyekwisha kufa. Renae asipopitishwa na sisi kabla ya Juni kwisha, anaanza miaka minne upya chini ya mtu mwingine, na mtambo wa baba yake unashika kutu uani.

Kura inataka wajumbe watatu, ana kwa ana. Na sisi tulibaki na watatu tu, maana gavana hajazi viti vya bodi inayokata roho. Nikabandika tangazo: Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa nne asubuhi, chumba namba 214. Wawili wakafika. Mwenyekiti, mzee Lyle Vrbka, hakuonekana. Nikampigia simu.

"Nimekata majani ya ng'ombe ekari sitini, Arlys," alisema. "Yamekauka leo, na kesho mvua."

Nikamwambia maisha ya binti wa watu yako mikononi mwake. Akajibu kwamba anajua, ila ng'ombe wake hawali kura. Hapa kwetu majani yakishakauka hata maziko husogezwa mbele, kwa hiyo wale wawili hawakushangaa. Mimi nilichemka.

Nikawapakia wote wawili pamoja na Renae kwenye gari langu, tukaendesha saa mbili na nusu mpaka shambani. Lyle akazima trekta, hata kushuka hakushuka. Kura ikapigwa sisi wengine tumesimama kwenye mabua, vumbi limejaa puani. Ndiyo tatu, hapana hakuna. Nikagonga muhuri juu ya boneti. Renae akalia, na Lyle akawasha trekta upesi kana kwamba hakumwona.

Wiki mbili baadaye mwanasheria wa bodi mpya, bwana mmoja aitwaye Todd, akaniletea barua niichape. Kura ya Renae ni batili: tangazo lilitaja chumba 214, kikao kikakaa shambani, umma ukanyimwa nafasi ya kuhudhuria. Umma! Miaka kumi na tisa sijamwona huyo umma hata siku moja, hata keki hajaja kudoea.

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Alinijibu kwa upole kwamba mahali pakibadilika, tangazo jipya hutoka siku moja kabla. Na mimi nilikuwa najua. Kanuni hiyo nimeiandika mwenyewe mara mia, lakini siku ile hasira zilinipofusha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bunge na Todd wake. Nikauliza kama tunaweza kurudia kikao. Akasema bodi ya kukirudia haipo tena.

Nikampigia Renae, sikutaka apate habari kwa posta. Nikamweleza kosa ni langu, nikamwomba radhi.

"Jana nimemaliza kisima, mama," alisema. "Futi mia mbili arobaini. Maji yametoka safi, watoto wa mwenye kisima wameshayanywa. Sasa niyarudishe?"

"Usiniambie ni kwa nani," nikamwambia. "Nikijua, itabidi niandike ripoti."