Shungi la Ninfa

Haya ni kweli tupu. Naapa kwa jino langu la dhahabu na kwa jogoo huyu mwekundu anayezunguka uani kwangu kama mkuu wa stesheni. Basi la mnadani husimama mbele ya lango langu, na kila abiria anayelisubiri mimi humwambia hivyo hivyo: ukinikamata nimedanganya, jogoo ni wako, ondoka naye. Mpaka leo jogoo yupo. Mke wangu Casimira, anayewauzia abiria supu, husema jogoo hakuwa wangu hata siku moja. Hilo tutalimaliza wenyewe.

Basi, asubuhi moja kijana mmoja mgeni alikuwa amepiga magoti katikati ya shamba la viazi, shati jeupe, tai shingoni, suruali imelowa tope hadi mapajani, anapulizia kitumba cha ua kwa pumzi ya mdomo wake. Haaa. Haaa. Kama mtu anayesafisha kioo cha saa. Akiona kimoja hakifunguki, anahamia kingine. Mwenzake alisimama kando ya tuta na begi mgongoni. Mwenye shamba, Saturnina, alisimama upande wa pili na mtoto wake mgongoni. Mimi nilikuwa ukingoni na toroli, juu yake sanduku la kijana, na nilishasikia basi likipiga honi.

Kifuani mwa kijana kulikuwa na beji nyeusi iliyoandikwa Mzee Sorensen. Mwenzake naye Mzee, Mzee Quiroga, wa huko pwani ya joto. Wazee hao wawili, ukijumlisha miaka yao, hawakumfikia punda wangu marehemu. Ni vijana wa lile kanisa linalotuma watoto wake duniani wawili wawili, na kidevu hakijaota hata unyoya mtu anaitwa Mzee. Walipanga chumba changu cha juu ya zizi.

Waliamka kabla ya jogoo, wakasali, wakasoma, wakasali tena. Kisha Sorensen alivunja barafu ya beseni kwa kisigino, akafua shati. Kwetu shati halikauki, linaganda. Lake liligandia kambani likasimama wima, mikono imetanuka, na siku moja lilitangulia kuingia jikoni peke yake. Casimira, ambaye haoni vizuri, akalikaribisha supu. Hilo nalo ni kweli.

Wiki ya kwanza mwinuko wa kwetu ulimlaza. Kichwa kilimgonga kama nyundo. Casimira akampelekea chai ya majani ya koka.

"Samahani, mama. Sheria yetu haituruhusu."

"Mungu gani huyo anayechukia majani?"

"Hachukii, mama. Ananijaribu."

"Basi akujaribu ukishakunywa."

Hakunywa. Alipopona, wakaanza kubisha milango. Nanyi mnajua, nyanda hizi za juu hatumkatalii mgeni usoni, ni kukosa adabu. Tunamwambia, "Njoo kesho, baba." Kijana alitoka nchi ambayo kesho ni siku kweli, basi kesho yake alirudi. "Kesho, baba." Akarudi tena. Ikawa mbwa wote wanamjua na kumsindikiza, lakini binadamu wa kumsikiliza hakuna. Kwanza ulimwisha unene, kisha sauti. Alasiri moja nilimsikia kule juu akiongea na Mungu wake kwa lugha ya kwao. Sikuelewa neno. Lakini mtu anayeuliza na asijibiwe hahitaji mkalimani.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Saturnina, ng'ambo ya kijito. Mumewe alishuka mabondeni kuchimba dhahabu, na alikuwa hajapanda tena. Alipowaona na mashati yao, alisema, "Kama mnajua kupanda viazi, ingieni. Kama hamjui, kesho." Sorensen akacheka mpaka akashika mbavu. Baba yake ni mkulima wa viazi huko Idaho! Akaingia tutani na tai yake, akapanda mbegu jicho juu, hatua kwa hatua, na siku ile nilimsikia akipiga mluzi.

Sasa, Saturnina alikuwa na binti, Ninfa, anayeanza kutembea. Nywele za mtoto huyo hazijaguswa na kitana tangu azaliwe, kama ilivyo desturi. Mtoto akishaonyesha kwamba amekuja kukaa, anatafutiwa baba wa nywele, naye ndiye anayemnyoa kwa mara ya kwanza. Baba wa nywele si kinyozi. Ni ndugu wa maisha. Paa likivuja anaitwa. Mtoto akiugua anaitwa. Saturnina aliwaomba wengi, na kwa kuwa alikuwa mwanamke peke yake mwenye shamba dogo, wote walimjibu kwa adabu: "Kesho, mama."

Siku hiyo ya kupanda, majirani tukiwepo, aliweka mkasi juu ya sahani yenye maua, akamwekea Sorensen mbele yake. "Nikatie, baba."

Kijana alidhani ni nywele. Kwao mama yake huwanyoa watoto wote barazani, na yeye humsaidia. Akauchukua mkasi. Hapa kwetu hata kichaa hawezi kuuchukua mkasi ule bila kujua anachochukua. Kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumweleza.

"Subiri kwanza," Saturnina akasema. "Siwezi kuiambia milima kwamba baba wa mwanangu ni Mzee. Mama yako alikuitaje?"

Akasita. Kwa sheria yao hata wenzake hawamwiti jina hilo. "Rulon."

"Rulon," mama akarudia polepole, kama anayeonja chumvi. "Kompadre Rulon." Ndivyo mama anavyomwita baba wa nywele wa mwanawe, naye humwita mama huyo komadre.

Kijana akageuza uso, akajifanya anatafuta upande wenye makali wa mkasi. Alikuwa hajalisikia jina lake tangu apande ndege.

Akakata kishungi cha kwanza. Sisi wengine tukafuata, kila mtu chake, tunacheka, tunakula viazi vilivyogandishwa kwa baridi na kukaushwa, mpaka likabaki shungi moja la utosini, limefungwa utepe mwekundu. Rulon akalisogelea. Saturnina akamdaka kifundo cha mkono.

"Hilo ni la maua, kompadre. Viazi tulivyopanda vikichanua, utalikata hapa hapa, wewe kwa mkono wako, na kulifukia tutani. Mpaka siku hiyo mtoto ni nusu wangu, nusu wa baridi."

"Na nisipokuwepo?"

Watu walicheka hadi mbwa wakabweka. Baba wa nywele asiwepo! Ataenda wapi?

Quiroga peke yake hakucheka. Alishakaa sana katika kazi ile. Alijua kwamba mkuu wao, huko mjini, huwahamisha kwa simu kama kete za bao, na aliyehamishwa harudi alikotoka mpaka amalize utumishi wake.

Tangu hapo Rulon hakupita njia nyingine. Kila jioni alivuka kijito, akapalilia, akapandishia udongo, akachungulia majani. Alimfundisha komadre maandiko yake, naye akasikiliza akiwa anasokota sufu. "Unaamini, komadre?" "Naamini, Rulon." "Utabatizwa?" "Kesho, Rulon." Safari hii alicheka naye. Mvua zikaja, majani yakapanda, vitumba vikatoka vidogo kama shanga.

Simu ikalia.

Nilikuwa uani napasua kuni, nikamsikia akimwomba mkuu amwache kidogo tu, mpaka vichanue. Nadhani mkuu aliuliza nini kichanue. "Viazi, bwana," akasema, na yeye mwenyewe akasikia jinsi jibu hilo lilivyo la kuchekesha. Mkuu hakumfokea. Angemfokea, kijana angepata pa kushika. Alimjibu kwa upole, kwamba Bwana analijua kila tuta, na kesho apande basi la asubuhi.

Ndipo asubuhi yake nikawakuta shambani, kama nilivyoanza kuwaambia.

"Komadre, nikate leo. Vitumba viko tayari."

"Kitumba si ua."

"Kesho kutwa vitafunguka. Navijua hivi, nimezaliwa navyo."

"Basi kesho kutwa, Rulon."

"Kesho kutwa sitakuwepo."

Saturnina akamkazia macho. "Tumekuudhi?"

"Hapana."

"Chakula chetu kibaya?"

"Hapana, komadre."

"Mbona unaondoka?"

"Nimetumwa."

"Na kuja hapa, ulitumwa?"

"Ndiyo."

"Na huyo huyo?"

"Huyo huyo," akasema.

Ndipo akapiga magoti. Nilidhani anasali, na labda ilianza kama sala, maana mikono aliikunja. Kisha akainama akaanza kupulizia. Haaa. Haaa. Honi ikalia mara ya pili. Quiroga, mtu wa sheria, aliyekuwa akisimama kwenye mstari hata pasipo na mstari, aliweka begi chini, akainama naye akapulizia viwili. Kimoja kilipasuka ncha, ukaonekana uzi wa zambarau, kama jicho la mtoto anayejifanya amelala.

"Komadre! Ona!"

Saturnina alikuja, akachuchumaa, akakitazama kwa haki yote. Akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini akatikisa kichwa.

Waliponyanyuka, Ninfa alinyoosha mkono kutoka mgongoni mwa mama yake, akaikamata tai. Tulimbandua kidole kimoja kimoja.

Na sasa mwisho wake. Wiki ya maua, shamba zima zambarau na jeupe, likaja lori la magunia kutoka kusini. Likasimama kwenye kijito. Akashuka kijana, kofia ya sufu imevutwa hadi machoni, beji ameigeuza ndani. Ametoroka! Hakusalimia mtu. Alimchukua mtoto, akalikata lile shungi kwa mpigo mmoja, akalifukia, akala sahani nzima, akapanda lori lile lile. Na shamba lile mwaka huo lilitoa kiazi kikubwa hivi kwamba tulikikalia watu watatu, na wa nne tukamwazima nafasi.

Leo hii nilipofika hapo katika hadithi, abiria walikuwa wametulia. Mama mmoja mwenye kapu la jibini alijifuta pua na ncha ya shali. Hakuna aliyekibishia kiazi.

"Babu Eleuterio," sauti ikasema langoni. "Mama anaomba chumvi. Nasikia wewe leo unayo nyingi."

Sikumwona alipofika. Msichana wa shule, sketi ya sare, kofia ya sufu ya rangi rangi. Nilikohoa. Nilitazama barabarani, lakini basi, mwanaharamu yule, halijaonekana.

Aliivua kofia.

Nywele zilishaota zote, nyeusi, zimesukwa mikia miwili na kulainishwa kwa maji. Na utosini, katikati ya njia nyeupe ya kitana, lilisimama shungi moja lililosokotana kama sufu ya kondoo asiyekatwa, gumu, limefungwa kwa utepe ambao zamani ulikuwa mwekundu. Shuleni wanamwita Kiazi, kwa sababu ya chipukizi hilo. Mama yake amekataa kinyozi, amekataa mwalimu, amekataa hata mumewe aliporudi siku mbili na kuondoka tena. Baba wa nywele ni mmoja.

"Jogoo," Ninfa akasema.

Mmoja wa abiria akaanza kucheka. Akaacha.

"Mbona ulitudanganya, mzee?" mama wa jibini akauliza.

"Basi lenu lilikuwa linachelewa," nikasema.

Casimira ameisikia hadithi hii zaidi ya kengele ya kanisa, na siku zote nikifika mahali pa lori yeye huingia jikoni kukoroga supu isiyohitaji kukorogwa. Sasa alitoka na kamba. Nilimfukuza jogoo uani kote, nikaanguka mara moja, abiria wakanisaidia kwa kelele, mpaka nikamkamata nyuma ya tanuri. Casimira akamfunga miguu. Nikamkabidhi Ninfa, na chumvi juu yake.

Alimpakata vizuri, kichwa cha jogoo kikatokeza chini ya kwapa lake. Hakuondoka.

"Babu, kule kwao baba yangu wa nywele, viazi huchanua lini?"

Nikalifikiria. Nimefanya kazi ya breki za treni maisha yangu yote, nimefika kila stesheni ya nyanda hizi, na kila ninapoulizwa jambo huwa nina jibu, na ni refu.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichofuata. Kofia aliiweka mfukoni. Alivuka kijito, akaingia katika njia nyembamba kati ya matuta, na viazi vya mama yake vilikuwa vimechanua vyote, vikimfika kiunoni, kisha mabegani kadiri njia ilivyoshuka. Tulimtazama mpaka mikia miwili ikapotea, na sketi, na jogoo. Likabaki shungi peke yake juu ya maua, linakwenda polepole.