Mlezi wa Mzee Rangi

Nikiri mapema nisije nikaumbuliwa: mara ya kwanza kuisimulia habari hii niliisimulia vibaya. Nilisema bibi, mke wa Mzee Rangi, ndiye aliyedanganya. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikajiona bingwa. Siku ile ya kwanza bibi hakudanganya. Hakuulizwa. Kosa lilikuwa la Dodoso, nikalifunika kwa sababu Dodoso ni mtu wangu.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliombatiza, kwa ajili ya zile karatasi za maswali alizozunguka nazo nyumba hadi nyumba. Kituo cha afya kilikuwa kinafanya utafiti: wazee wanaishi na nani, nani anawapikia, nani anawaogesha, dawa wanazimeza au zinalala chini ya mto. Dodoso alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, macho makali, mdomo haujui likizo. Angeweza kumchekesha hata mtu anayeng'olewa jino.

Na mdomo ndio uliomponza. Kanuni ya kwanza ya kazi yake ni kwamba mzee anahojiwa peke yake, na kila mtu wa nyumbani peke yake. Siku aliyofika kwa Mzee Rangi mvua ilikuwa inamwagika, chai ikaletwa, utani ukakolea, kanuni ikabaki nje inalowa. Mzee Rangi alikuwa mpaka rangi wa majumba, sasa mstaafu, miaka themanini na moja, kiharusi kimemlegeza upande wote wa kushoto. Dodoso akauliza palepale sebuleni, watu wote wamekaa: "Haya, nani anamhudumia mzee wetu?"

Mtoto wa mzee, fundi wa feni na pasi, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, akajigonga kifua. "Mimi hapa."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Bibi alikuwa jikoni anaongeza maji kwenye birika. Dodoso akaweka tiki: mzee ana mlezi, tena mwenye nguvu zake. Akanywa kikombe cha pili.

Miezi minne ikapita. Kituo kikatangaza kwamba nyumba ambazo mzee analelewa na mzee mwenzake zitapata mhudumu, Jumatatu hadi Ijumaa, wa kuogesha, kugeuza na kunyoosha viungo. Orodha ingefungwa Ijumaa saa sita mchana. Jumatano Dodoso akarudi kwa Mzee Rangi kumpima presha, akamkuta bibi amefungwa bandeji mkononi.

"Shikamoo bibi. Mkono umefanyaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeteleza tu."

"Umeteleza wapi?"

"Bafuni."

"Peke yako?"

Bibi akautazama mlango wa bafuni kama vile ungemjibia. "Na babu yenu. Nilikuwa namtoa kuoga. Akaniangukia. Afadhali, mimi nina nyama kidogo, yeye angevunjika kama biskuti."

Dodoso hakucheka. Macho yake yalishaanza kazi. Godoro la bibi liko chini, sambamba na kitanda cha mzee. Kuna kamba, ncha moja iko karibu na mkono mzima wa mzee, nyingine imefika kwenye mto wa godoro, mzee akihitaji kitu aivute bibi aamke. Sahani ya uji uliopondwa, kijiko kimoja. Mwanamke wa miaka sabini na sita, na mgongo wake umeanza kupinda. Hivi siku ile ya mvua alikuwa anaangalia nini?

Akampigia msimamizi wake hapohapo uani. "Nimekosea nyumba moja. Naomba niifute ile tiki."

"Hufuti," msimamizi akasema. "Jibu ni la wenye nyumba. Wahoji upya, mmoja mmoja, na yule uliyemwandika mlezi akiri mwenyewe kwamba siye. Bila hivyo fomu ya zamani inasimama."

Akaanza na bibi, jikoni, mlango umefungwa.

"Bibi, nani anamwogesha babu?"

"Mwanangu anasaidia."

"Jana alisaidia?"

"Jana alikuwa na kazi nyingi."

"Juzi?"

"Wewe mtoto una maswali kama polisi!" Bibi akashika kisu, akaendelea kumenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi kimebanwa na bandeji. "Unataka nimwanike mwanangu kama nguo? Anatulipia umeme, anatununulia dawa. Sina la kumsema."

"Mficha uchi hazai, bibi."

"Mimi nimeshazaa, mwanangu. Na niliyemzaa ndiye ninayemficha."

Hapo Dodoso alicheka, hakuweza kujizuia. Lakini fomu ilibaki tupu. Mzee Rangi naye, alipoulizwa peke yake, alikaza macho kwenye dari. "Mwanangu ananitunza," akasema kwa ulimi mzito. "Andika hivyo. Hii dari niliipaka mimi, mikono miwili. Siwezi kuambiwa nimezaa mtoto asiyefaa."

Alhamisi Dodoso akaenda kwa fundi. Karakana yenyewe ni chumba kimoja kinachotazama barabara, feni zimening'inia bila mapanga, pasi zimefunguliwa matumbo. Fundi alikuwa ameinamia mota, bisibisi mdomoni.

"Karibu shangazi! Leo umekuja kunihoji mimi? Mimi bado kijana!"

"Kijana gani, kichwa kimeanza kuota majivu." Akavuta kigoda. "Nina swali moja tu. Mzee anapovalishwa shati, mkono upi unaingia kwanza?"

Fundi akatoa bisibisi mdomoni. "Swali gani hilo? Wa kulia, kama watu wote."

"Ukianza na wa kulia, ule wa kushoto huupindi ukaingia. Umelegea na umekaza kwa pamoja. Unaanza na mbovu, ndipo unamalizia na mzima. Mtu akishamvalisha mara moja tu, hasahau."

Fundi akaigeuza mota, akaigeuza tena. Barabarani mtu akapiga kelele anataka kujua kama pasi yake iko tayari.

"Shangazi," akasema mwisho, sauti imeshuka. "Mimi nikimwona baba uchi, mikono inakufa ganzi. Yule alikuwa anapanda ngazi ghorofa nne na ndoo mbili za rangi. Mara ya kwanza nilijaribu. Akalia. Nikatoka."

"Na mama akaingia."

"Na mama akaingia." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ukiandika siyo mimi, watu watasemaje?"

"Fomu haibandikwi msikitini wala kanisani. Inakaa kabatini, nyumba yenu ina namba, haina jina. Atakayejua ni mimi na msimamizi. Na mama yako, ambaye anajua tayari. Juzi wameanguka bafuni wote wawili. Siku nyingine hatainuka, utakuwa na wagonjwa wawili na ganzi yako ileile."

Fundi akairudisha bisibisi mdomoni, akaiinamia mota tena. Dodoso akaondoka kichwa kinamuuma.

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi alikuwa kwa Mzee Rangi na fomu mpya, anaangalia saa. Saa tano kasoro, fundi akaingia, shati la kazini, hajala. Dodoso akataka kumpeleka uani amhoji peke yake, akakataa.

"Hapahapa," akasema. "Siku ile nilisema hapahapa." Akasimama mbele ya kitanda, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Baba, nisamehe. Shangazi, andika mama. Mimi naleta dawa, naziweka mezani, nakwenda. Anayemlea baba ni mama."

Mzee Rangi akafumba macho. Bibi akasema, "Mwanangu, si lazima," lakini akakaa kitini, na Dodoso, aliyezoea kuona, akaona kwamba katika ziara zake zote hakuwahi kumkuta ameketi. Akaandika haraka. Fundi akatia sahihi, bibi akatia dole gumba. Ilikuwa saa tano na robo. Kituo kiko mwendo wa dakika ishirini.

"Mhudumu ataanza Jumatatu ijayo," Dodoso akasema. "Limebaki swali la mwisho, ni la mlezi mwenyewe. Bibi, wewe unahitaji nini?"

Bibi akamtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

"Mimi?"

"Wewe."

Akafikiri. Akaivuta bandeji, akaikaza.

"Huyo mhudumu Jumamosi haji?"

"Haji, bibi. Ni mpaka Ijumaa."

"Dada yangu amelazwa huu mwezi wa tatu sasa. Sijamwona." Akamgeukia mwanawe, kisha mumewe, kisha mwanawe tena. "Jumamosi nataka kwenda, nilale huko, nirudi Jumapili jioni. Naomba mmoja wenu aniambie, usiku huo nani atabaki na mzee?"

Fundi alikuwa anatazama sakafu. Mzee hakufumbua macho. Dodoso akashusha kalamu kwenye mstari uliokuwa wazi, akasubiri.